Printa Iliyomtaja Nafuna

Sajini Kageha alikabidhiwa faili ya Nafuna ikiwa imeiva, au ndivyo alivyoambiwa. Kazi yake ilikuwa kuipiga pasi tu, msichana afikishwe kortini kesho asubuhi, watu wa Soweto West, mtaani Kibera, watulie na wakubwa wapumzike.

"Usianze kuchimbachimba," Inspekta Mbuthia, mkubwa wake, alimwambia akimsukumia ile faili mezani. "Kompyuta yenyewe imesema ni yeye."

Kageha alikuwa amekaa katika upelelezi muda wa kutosha kujua kwamba polisi mvivu humpenda sana shahidi asiyeweza kuulizwa swali la pili. Hakubishana. Alivaa viatu vyake vya matope akashuka Kibera.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Ijumaa, mtu alichapa tangazo katika ofisi ya shirika la Jirani Mwema kule Kawangware. Jumamosi alfajiri tangazo hilo lilikuwa limebandikwa kwenye milango ya vyoo na nguzo zote za Soweto West: nyumba zote kutoka relini hadi bwawani zitabomolewa Jumatatu, na asiyehama atajilaumu mwenyewe. Watu hawakungoja tingatinga. Walijibomolea wenyewe, kila mtu akiokoa mabati yake, na katika patashika hiyo ukuta wa udongo ukamwangukia Maurice, mtoto wa miaka sita, akafa hapo hapo. Jumatatu ikaja, tingatinga halikuja. Hakuna ofisi ya serikali iliyokuwa na habari. Polisi walikwenda Jirani Mwema kwa sababu tangazo lilikuwa na fremu ileile ya jarida lao la afya. Rekodi ya kompyuta inayogawa kazi za printa ikataja jina moja: Nafuna, karani wa shirika, mpangaji wa Soweto West, jirani wa mlango kwa mlango na mama yake Maurice.

Mama huyo, Risper, Kageha alimkuta ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa, nje ya kuta mbili zilizobaki za nyumba yake. Sukuma wiki alizotoa mashambani Silanga zilikuwa zimelala kwenye gunia, hakuna aliyeziuza.

"Pole sana, Mama Maurice."

"Pole nimepewa mingi," Risper alisema. "Yule mnamleta lini tumwone?"

"Nani?"

"Nafuna. Nasikia huko ndani mnampatia chai."

Kageha alitazama upande wa pili wa kichochoro. Palipokuwa na chumba cha Nafuna palikuwa na miti miwili imesimama na sahani moja ya plastiki imekanyagwa kwenye matope.

"Hapa nani alivunja?"

"Sisi." Risper hakupepesa jicho. "Mimi ndio nilianza na mlango. Huyo msichana alikuwa anakula kwangu. Maurice alikuwa anamwita auntie. Kama mtu anaweza kuandika kitu kama ile na bado anakula kwangu, wacha alale nje na umande."

Kageha aliumia, lakini hakuja kutoa mahubiri. Aliomba kuona tangazo. Risper alimwonyesha choo, na Kageha akabandua moja, kisha jingine kwenye nguzo ya kiosk, kisha la tatu kwenye bati la kinyozi. Akayapanga juu ya gunia la sukuma wiki na kuyatazama kwa muda mrefu mpaka Risper akachoka.

"Unasoma nini na ni mistari mbili tu?"

"Sisomi. Naangalia fremu."

Lile tangazo lilikuwa limezungushiwa mstari mweusi. Mstari ulikuwepo juu, chini na upande wa kushoto. Upande wa kulia haukuwepo. Kageha alidhani kwanza umechanika wakati wa kubandua, lakini karatasi ilikuwa nzima. Yote matatu yalikuwa vilevile. Na yote matatu yalikuwa yamekaa chini kidogo, yakiacha uwazi mpana juu, mfano wa shati lililokatwa na fundi asiye na futi.

"Una lile jarida lao la kunawa mikono?"

"Liko kwa ukuta. Nafuna ndiye aliniletea." Risper alilichomoa ukutani kwa kucha, kwa chuki, na nusura alichane.

Jarida lilikuwa na doa jeusi, dogo kama punje ya wimbi, kwenye kona ya chini. Matangazo nayo yalikuwa na doa hilo, mahali palepale. Kwa hiyo printa ilikuwa moja, hapo Mbuthia hakukosea. Lakini fremu ya jarida ilikuwa imekamilika pande zote nne. Kageha akajiuliza kwa nini printa moja, kwa fremu moja, iule mstari siku moja na kuuacha siku nyingine.

"Mama Maurice, hiyo Jumamosi, nani alikuwa ananunua mabati ya watu?"

"Lori ya kijani. Ilikuwa imepaki hapo juu barabarani mapema sana. Hata watu hawakuwa wamemaliza kusoma. Walinunua mabati, mbao, na wakanunua hata nafasi. Mtu anaweka kidole, anaenda."

"Lori ya nani?"

"Watu ya Kawangware. Mimi nilikuwa nachimbua mtoto, sikuuliza."

Kageha alikunja matangazo akayatia ndani ya koti. Hasira ilikuwa imeanza kumpanda, na haikuwa juu ya Nafuna.

*

Ofisi ya Jirani Mwema ilikuwa nyuma ya ua wa mbao, Kawangware, kwenye ploti ya mzee Githinji, mmoja wa wenye ardhi wa tangu zamani. Uani kulikuwa na lori la kijani. Lilikuwa limejaa mabati yaliyotobolewa misumari, na Kageha alilizunguka mara moja. Mlinzi alimwambia kwamba lori ni la mzee, na kwamba mkurugenzi wa shirika, Madam Angeline, ni binti yake, na kwamba ametoka kidogo.

"Nitamngoja," alisema Kageha. "Niitie mtu wa kompyuta."

Mtu wa kompyuta aliitwa Walubengo, kijana mwembamba mwenye shati lililofungwa vifungo hadi shingoni. Alimpeleka kwenye stoo ambako seva, ile kompyuta inayogawa kazi za printa, ilikuwa imewekwa juu ya kreti la soda, ikinguruma peke yake. Alipoanza kuieleza alichangamka, maana ni nadra mtu kumuuliza.

"Hii ndiyo inashika mafaili ya kila mtu, na printa iko nyuma yake. Ni Linux, nikaweka programu inaitwa Samba, ndio zile za Windows ziione kama mwenzao. Shida ni zile mashine zenyewe. Hii ya zamani, Windows 95, inatuma paswadi uchi. Zile mbili za 98 zinaifunika. Ukikubali moja, nyingine inakataa. Nimekaa na hiyo kesi mwezi mzima, madam. Sasa kila mtu anaingia kwa jina yake, na akiprint, seva inaandika jina yake."

"Kwa hivyo jina halidanganyi."

"Halidanganyi." Alilisema haraka, akitazama kreti.

Kageha alivuta kiti. Kuna watu wanaosema uongo kwa maneno mengi, na kuna wanaousema kwa neno moja kisha wakatazama chini. Hao wa pili alikuwa akiwaheshimu kidogo.

"Basi tufanye kazi. Chukua lile jarida la mikono, ukurasa wa kwanza. Chapa kutoka kila mashine, moja baada ya nyingine."

"Zote?"

"Zote. Na kila ikitoka, uniambie seva imeandika jina gani."

Walichapa. Kutoka mashine ya mapokezi ulitoka ukurasa wenye fremu nzima, jina la mtu wa mapokezi. Kutoka mashine ya mhasibu, fremu nzima, jina la mhasibu. Kutoka meza ya Nafuna, ambayo kiti chake kilikuwa bado kimetundikwa sweta, fremu nzima, jina la Nafuna. Kageha aliweka karatasi ya Nafuna juu ya tangazo la choo, akaziinua dirishani. Hazikulingana hata kidogo. Jina lilikuwa lake, lakini karatasi haikuwa ya mezani kwake.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, madam."

"Zote?"

Walubengo alijipangusa uso. Kageha aliinuka, akaanza kufuata nyaya kwa macho, kama mtu anayetafuta panya ameingilia wapi. Tatu zilitoka kwenye seva zikaenda kwenye zile mashine tatu. Wa nne ulipita juu ya dari ya ubao, ukatoboa ukuta.

"Huo unaenda wapi?"

"Kwa ofisi ya Madam."

"Twende."

"Hiyo ni Makintoshi, kompyuta ya aina nyingine. Ilitumwa na kanisa fulani ya Amerika. Haiongei lugha moja na hizi zingine."

"Lakini inachapa."

Kageha alikuwa ameshaufuata waya hadi ofisini. Mlango haukuwa umefungwa. Juu ya meza kubwa ilikaa mashine ya rangi ya maziwa, imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Walubengo aliiwasha, akafungua jarida, akachapa. Walirudi kwenye printa pamoja na kuungoja ukurasa ule.

Ulitoka umekaa chini, uwazi juu, na mstari wa kulia umeliwa.

Kageha aliuweka juu ya tangazo la choo na kuziinua dirishani. Zilifunikana fremu kwa fremu.

"Kwa nini?"

"Karatasi ya Amerika," Walubengo alisema polepole. "Ni fupi kuliko hii yetu na ni pana kidogo. Makintoshi inafikiri bado iko kwao. Inapanga ukurasa kwa kipimo ya huko, ikifika kwa karatasi yetu, upande wa kulia unakatika. Nilikuwa nirekebishe."

"Na seva imeandika nani?"

Hakwenda kutazama. "Nafuna."

"Nafuna yuko seli, Walubengo. Amechapa saa ngapi?"

Yule kijana aliketi juu ya katoni la karatasi. "Ilibidi niweke programu nyingine ya kusikiliza Makintoshi. Hiyo haiulizi jina. Na printa ya seva haikubali kazi haina mwenyewe. Nikaiandikia jina moja, kila kitu ikitoka huko iingie kwa hiyo jina. Nikaandika Nafuna kwa sababu ndiye hubadilisha wino. Hapa kitu yoyote ya printa tunasema ni ya Nafuna. Sikufikiria. Ilikuwa tu iingie, twende nyumbani."

"Na polisi walipokuja?"

"Niliwapatia karatasi kabla ya kufikiria. Nilipofikiria, alikuwa na pingu. Halafu Madam akaniita, akasema nimefanya vizuri, nimesaidia serikali."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Kageha alitaka kumzaba kofi, na mkono wenyewe ulikuwa tayari. Badala yake alimwagiza arudi kwenye ile Makintoshi. Kwenye kona ya kioo kulikuwa na picha ya pipa la takataka, na tumbo la lile pipa lilikuwa limefura.

"Hii imekula nini?"

"Ni mafaili. Ukitupa kitu hapa inabaki ndani mpaka uiambie imwage. Watu hudhani ukishavuta tu kitu imeisha."

"Fungua."

Ndani ya pipa kulikuwa na faili moja. Walubengo aliifungua, na maneno yakajaa kioo ndani ya fremu ya jarida la kunawa mikono: nyumba zote kutoka relini hadi bwawani.

*

Angeline alipoingia alimkuta Kageha amekaa kwenye kiti chake. Alikuwa mwanamke wa makamo, nadhifu, sauti yake ya chini kama ya muuguzi wa wodi. Alitazama kioo mara moja tu.

"Sajini, hiyo ni ofisi yangu."

"Ndiyo. Nani mwingine huitumia?"

"Mtu yeyote. Mimi mlango wangu sifungi. Nafuna anaingia hapa kila siku kuleta barua."

"Nafuna ana kompyuta yake."

"Pengine hakutaka ijulikane ni yeye."

"Akaja kwako, akaacha jina lake mwenyewe?"

Angeline aliweka mkoba chini. Nje walisikika watu wakishusha mabati kutoka kwenye lori, moja moja, na kila bati lilipogonga chini Angeline alifumba jicho kidogo.

"Mkurugenzi, mimi sijui kompyuta," Kageha alisema. "Nimejifunza leo. Ila najua mabati. Yale ni ya Soweto West, na lori lilifika kabla watu hawajasoma tangazo. Hakuna karani anayeweza kumwamuru babako atoe lori alfajiri."

"Usimwingize baba."

"Basi ingia wewe."

Angeline alikaa kwenye kiti cha wageni. Kwa kitambo alinyoosha kitambaa cha kufunikia mashine, akikikunja pembe kwa pembe.

"Baba ni mzee. Anataka ile sehemu ya bwawani, na hao watu hawauzi. Alisema wakiogopa kidogo watauza, watapata kitu, watahamia mbele. Hao wamezoea kuhama. Hakuna mtu alisema mtoto atakuwa chini ya ukuta."

"Na Nafuna?"

"Mimi sikumtaja. Nilingoja wanitaje mimi. Wakaja na karatasi, ikawa imeandikwa Nafuna. Sijui ilitoka wapi." Alisema hivyo akionekana kuamini kwamba ni hoja. "Nikasema labda ni Mungu ameamua."

Kageha alikuwa amesikia wauaji wakisingizia pombe, shetani na wake zao. Kisingizio hiki kilimkera kuliko hivyo vyote. Alimsomea haki zake kwa sauti kavu, akamwamuru Walubengo aibebe Makintoshi hadi kwenye Land Rover, na kitambaa chake.

*

Mbuthia alisikiliza yote akiwa amesimama. Alitazama zile kurasa mbili dirishani, akazitazama tena. Kisha akarudi mezani na kuketi kwa uzito.

"Kazi nzuri," alisema. "Umechelewa."

"Kuchelewa vipi? Korti ni kesho."

"Msichana amekubali. Saa sita mchana, mbele yangu, kwa hiari yake. Ameweka sahihi kila ukurasa."

"Afande, hajachapa chochote. Hiyo Makintoshi hapo ndiyo imechapa."

"Hiyo itamweka huyo mwingine ndani. Haimtoi huyu. Mtu mzima amesema ni mimi, sasa mimi nimwambie hakimu nini, kwamba printa ina karatasi ya Amerika? Watashtakiwa wawili, walishirikiana. Yule ni karani wake."

"Nani alimpiga?"

"Hakuna mtu amemgusa." Mbuthia aliudhika kweli. "Muulize mwenyewe. Alituita yeye. Kaunta wanasema jana alitembelewa tu na mama mmoja mwenye Biblia."

Hilo ndilo lililomchoma Kageha. Alikuwa amekimbia tangu asubuhi, na mbio za sakafuni huishia ukingoni. Alimshika mkono Angeline, aliyekuwa akingoja mlangoni na konstebo, akatembea naye kwenye ushoroba bila kujua atamuuliza Nafuna nini. Kituo kile kilikuwa na seli moja tu ya wanawake. Konstebo alifungua mlango, na harufu ya ndoo ikawapokea.

Nafuna alikuwa ameketi kwenye simiti, amejifunika leso. Alikuwa mdogo kuliko Kageha alivyomdhania. Alimpita yule sajini kwa macho, akamwona aliyekuwa nyuma yake, na uso wake ukafunguka wote. Aliinuka haraka, akatandika leso chini.

"Madam. Umekuja kweli. Keti hapa, huko kuna maji."

Angeline hakuketi.

"Nimefanya vile uliniambia jana," Nafuna aliendelea, akimshika mkono kwa mikono miwili. "Nimekubali yote. Nimesema ni mimi, sikuongeza kitu. Hata wamenipatia chai. Ulisema nikikubali, kanisa litaleta wakili, na korti inahurumia mtu amekubali. Na nikitoka utanipatia chumba huku Kawangware, kwa sababu Soweto wataniua. Huyu ndiye wakili?"

Alimwelekeza Kageha kidole kwa adabu.

Sasa Kageha alijua ni nani aliyepita kaunta jana na Biblia, akaruhusiwa kwa sababu ni mtu mwenye heshima, na alikuja kufanya nini. Alimtazama Angeline akimngoja aseme mwenyewe. Midomo ya yule mwanamke ilicheza. Kisha ile sauti ya chini, ya muuguzi, ikarudi mahali pake.

"Tuombe kwanza, Nafuna," alisema.

Nafuna aliinamisha kichwa mara moja, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi ofisini, akafumba macho, mkono wa Angeline bado mkononi mwake.

"Fumbua macho," Kageha alimwambia. "Nafuna, fumbua macho unitazame mimi."